Majina Yao Yaandikwe Kwenye Ripoti

Siku hizi kijana akija kunisalimu, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, swali analolitoa halihusu kilimo, ingawa mimi nilianza kazi nikiwa bwana shamba. Anauliza kuhusu ushauri elekezi. Mmoja amesoma uuguzi. Mwingine ni mhandisi ujenzi. Mwingine ana shahada ya Kiswahili na historia na anafundisha kwa kujitolea katika shule ya kata. Wote wanataka kujua kitu kimoja: mtu aliyesomea mambo mengine anaweza kuingia katika kazi hii, au nafasi zote ni za wenye shahada za uchumi na biashara? Na karibu wote hutanguliza samahani kabla ya kutaja walichosoma.

Samahani hiyo inaniuma. Hawakuzaliwa nayo. Imetokana na namna sisi wa rika langu tulivyoipanga kazi hii baada ya kuingia, na nataka kusema wazi ninayoyajua, kwa faida yao na kwa masikio ya wenzangu niliozeeka nao.

Waanzilishi wa kazi hii hawakuisomea, maana hapakuwa na pa kuisomea. Arthur Dehon Little, ambaye kampuni yake ilianza Boston mwaka 1886, alikuwa mkemia. Wenye viwanda walimletea sampuli naye akawapimia. Edwin Booz alitoka chuo kikuu akiwa amesoma saikolojia, akafungua ofisi Chicago mwaka 1914. James McKinsey, aliyefungua yake katika mji huohuo mwaka 1926, alikuwa mhasibu na mwalimu wa chuo kikuu, na miaka minne kabla alikuwa ameandika kitabu kinachoichukua bajeti kama chombo cha kuongozea kampuni, wakati ambapo wengi waliona hesabu kuwa kumbukumbu ya fedha iliyokwisha kutumika. Aliyeikuza kampuni hiyo baada ya McKinsey kufariki mwaka 1937, Marvin Bower, alikuwa mwanasheria, na miiko mingi ya kazi hii hadi leo ni ya ofisi ya mawakili: kutunza siri ya mteja, kutanguliza maslahi yake kabla ya ada yako, kumwambia ukweli hata asioupenda. Bruce Henderson, aliyeanzisha Boston Consulting Group mwaka 1963, alikuwa mhandisi aliyewahi kuuza Biblia. Kila mmoja wao aliingia na kitu alichokijua kwa mikono yake, na watu walikuwa wakimlipa kwa ajili ya kitu hicho.

Nchini kwetu ushauri wa aina hii ulifika mapema kuliko vijana wanavyodhani. Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 yalitanguliwa na kazi ya kampuni ya McKinsey, iliyoajiriwa na serikali ya Mwalimu Nyerere kuchunguza namna ya kusogeza utawala na mipango karibu na wananchi. Halmashauri za wilaya zilifutwa, watumishi waandamizi wakatolewa Dar es Salaam wakapelekwa mikoani, na sisi mabwana shamba tukajikuta chini ya Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya. Miaka kumi baadaye, sheria za 1982 zilirudisha serikali za mitaa, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Uamuzi wa kufuta ulikuwa wa serikali, na wa kurudisha vilevile, na sababu zake ni nyingi. Mimi nilikuwa kijana mdogo kazini. Nilichojifunza ni kwamba karatasi iliyoandikwa na mtu usiyemjua inaweza kukubadilishia mkuu wako, bajeti yako na hata mpangilio wa taarifa zako za mwezi. Kazi yenye nguvu kiasi hicho haifai kuachiwa watu wa fani moja.

Rika langu liliingia kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ukaja mpango wa kufufua uchumi, na miaka ya tisini mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa na watumishi wa serikali kupunguzwa. Wengi wetu tulitoka na barua na kiinua mgongo kidogo. Wakati huohuo miradi ya wafadhili ilikuwa inafunguliwa kila wilaya, na kila mradi ulidai utafiti wa awali, tathmini ya kati na tathmini ya mwisho. Walihitajika watu waliovijua vijiji na walioweza kuandika Kiingereza kinachosomeka. Ndipo wakachukuliwa mkaguzi wa vyama vya ushirika, mganga msaidizi, mwalimu wa hesabu, fundi wa maji, bwana shamba. Mimi niliulizwa kama naifahamu Kilombero, kama naweza kuandika, na kama naweza kuondoka Jumatatu. Hakuna aliyetaka kuona shahada ya biashara, na kama angeitaka asingempata mtu wa kumtuma.

Wahadhiri nao waliingia, kwa sababu mishahara ya chuo kikuu ilikuwa haitoshi karo za watoto wao wenyewe. Huko ndiko lilikokulia jambo ambalo Profesa Mahmood Mamdani alilikemea mwaka 2011 akiwa Makerere: utamaduni wa ushauri wa kulipwa, unaomfanya msomi aache kuuliza maswali yake na kubaki akijibu ya mfadhili. Kuhusu chuo kikuu nakubaliana naye kabisa. Anayezalisha maarifa hawezi kuishi kwa hadidu za rejea zilizoandikwa na mtu mwingine. Lakini nchi ina maswali ya haraka pia. Kwa nini pampu zimekufa mwaka mmoja baada ya mradi kukabidhiwa kijiji? Kwa nini wakulima wameacha kupeleka mpunga ghalani? Lazima awepo mtu wa kuyajibu kwa uaminifu ndani ya miezi miwili, na mtu huyo si lazima awe profesa. Akiwa aliwahi kuifungua pampu kwa mkono wake, ni bora zaidi.

Sisi, tulipokwisha kuingia, tukaweka masharti ambayo yangetuzuia wenyewe.

Nieleze yanavyofanya kazi, maana vijana wengi hulalamikia mlango ambao hawajawahi kuuona. Kazi kubwa huanza na tangazo. Kwa kazi za serikali ya Tanzania, tangazo hilo liko kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa kielektroniki ulioanza kutumika mwaka 2023. Kampuni huonyesha nia, chache zikaorodheshwa, zikapewa hadidu za rejea, nazo zikaandika pendekezo la kiufundi na pendekezo la fedha, kila moja peke yake. La kiufundi hubeba uzito mkubwa, mara nyingi alama 70 au 80 kati ya 100, na sehemu nzuri ya alama hizo huenda kwa wataalamu wakuu: shahada ya pili, miaka kumi ya uzoefu, kazi kadhaa zinazofanana na hii. Kwa kiongozi wa timu masharti haya yana maana. Mimi mwenyewe nisingekubali usanifu wa bwawa usimamiwe na mtu anayejifunza. Tatizo ni kwamba mpangilio huo hauna alama hata moja kwa anayeanza. Kampuni ikimweka kijana kwenye timu haipati kitu, na ikimwacha haipotezi kitu.

Ndipo ikaja tabia ambayo kila aliye katika kazi hii anaijua. Wasifu wa mzee ndio unaopelekwa kwenye zabuni. Mzee ana jina, ana orodha ndefu ya kazi, anafahamika wizarani. Zabuni ikipatikana, mzee huonekana kwenye kikao cha kwanza na cha mwisho. Katikati wanakwenda vijana. Wanalala kwenye nyumba za wageni za miji midogo, wanapanda bodaboda hadi kitongoji cha mwisho, wanahoji watu mchana na kusafisha takwimu usiku, kisha wanarudi mjini na kuandika sura ya nne na ya tano za rasimu. Kwenye mkataba wanaitwa wadadisi, hata yule aliyeandika uchambuzi wote. Kwenye ripoti hawaitwi chochote. Ukurasa wa shukrani unaitaja timu ya ukusanyaji wa takwimu, basi. Miaka mitatu baadaye kijana huyo anaomba nafasi na kuambiwa hana uzoefu.

Huu ni wizi. Nalitumia neno hilo nikijua uzito wake, na nikijua litawakasirisha watu ninaowapenda.

Nitoe mfano wa kile tunachokipoteza. Niliwahi kuwa kwenye timu iliyopima huduma za mama na mtoto katika zahanati za wilaya moja ya bara. Mchumi wetu, kijana hodari, alikuwa amekusanya tarakimu za mwaka mmoja na nusu kutoka vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za huduma za afya, na kuchora mstari uliopanda vizuri: mahudhurio ya kliniki ya wajawazito yanaongezeka. Miongoni mwa wadadisi alikuwemo binti aliyemaliza uuguzi akakosa ajira. Tulipofika kwenye zahanati mojawapo aliomba aone kitabu chenyewe. Akakifungua juu ya meza, akafunua kurasa taratibu, kisha akakigeuza kuelekea dirishani na kuniita.

"Mzee, hebu angalia wino."

Mwezi mzima ulikuwa wa kalamu moja. Mwandiko umeinama upande uleule kutoka juu hadi chini. Hakuna jina lililokatwa, hakuna safu iliyoachwa wazi, hakuna alama ya kidole wala ya maji.

"Kliniki haiendi hivi," akasema. "Siku ya kliniki benchi limejaa akina mama, mtoto analia kwenye mzani, kalamu inaisha unaazima ya mwenzako, unakosea uzito unakata unaandika tena. Hiki kimejazwa siku moja."

Hakumshutumu mtu. Alikwenda kukaa na muuguzi wa zamu, wakaongea habari za zamu za usiku na za wenzao waliohamishwa bila kuletewa wa kuziba nafasi. Ikafahamika kwamba dada yule alikuwa ameachwa peke yake kwa muda mrefu. Alikuwa akihudumia akina mama kwanza na kuandika majina kwenye daftari la shule. Mwisho wa mwezi, kabla ya taarifa kwenda wilayani, alihamishia kitabuni na kujaza yaliyosahaulika kwa kukisia. Huduma ilikuwa inatolewa. Tarakimu ndizo zilizokuwa hazitegemeki. Tulirudi kwenye vitabu vya zahanati nyingine kwa jicho jipya, na sura nzima ya ripoti ikabadilika: badala ya ongezeko la mahudhurio, tuliandika kuhusu zahanati zenye mtumishi mmoja, na kuhusu saa anazozitumia kuandika badala ya kuhudumia. Uchumi usingeliona jambo hilo, wala kilimo changu. Lilionwa na mtu aliyewahi kujaza kitabu kile akiwa amechoka. Jina lake, kwa mujibu wa mkataba, halikuwa la kuandikwa popote.

Ndiyo maana kijana akiniambia samahani, mimi ni muuguzi, namzuia hapohapo asiendelee.

Yule mwalimu wa Kiswahili na historia naye ana nafasi yake. Madodoso mengi huandikwa ofisini na watu ambao hawajawahi kumwuliza mkulima kipato chake cha mwaka wakasubiri jibu. Mtu anayeweza kusikiliza simulizi ya nusu saa na kujua ni wapi msimulizi ameruka miaka miwili, na kwa nini, ni hazina. Tena matokeo yanapaswa kurudishwa kwenye mkutano wa kijiji, kwa lugha ambayo bibi wa mstari wa nyuma ataielewa na kuibishia. Ripoti nyingi za rika langu zililikwepa jambo hilo. Zilikwenda kwa mfadhili, zikakaa huko.

Kwenye kampuni za kimataifa zenye ofisi Nairobi na Johannesburg kuna kizuizi kingine kinachowatisha vijana: mahojiano ambayo unapewa tatizo mezani na kutakiwa kulitatua kwa kusema, bila kitabu. Utaulizwa, kwa mfano, Dar es Salaam kuna viti vingapi vya vinyozi. Kijana wa fasihi hukata tamaa hapo, na hana sababu. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu 5,383,728. Wanaume, wakubwa kwa wadogo, ni karibu 2,600,000. Tuseme kwa wastani kila mmoja huenda kwa kinyozi mara moja kwa wiki tatu. Wapo wa kila wiki, wapo watoto wanaonyolewa nyumbani. Hapo tunapata vichwa kama 124,000 kwa siku. Kiti kimoja kikihudumia vichwa 12 kwa siku, vinahitajika viti zaidi kidogo ya 10,000. Hakuna aliye na jibu kamili, na anayekuuliza halitafuti. Anataka kuona umeanzia wapi, kama unaitaja wazi dhana yako, na kama ukiambiwa kwamba wiki tatu ni nyingi mno utakasirika au utarekebisha hesabu.

Mama lishe hufanya hesabu hii kila alfajiri anapoamua kupika mchele kilo ngapi. Leo ni Ijumaa, mafundi wa jengo la jirani wamelipwa, mvua imenyesha usiku kucha. Akikosea, hasara inalala kwake. Kijana aliyekulia kwenye biashara ya mama yake amefanya mazoezi ya mahojiano haya tangu darasa la tatu. Asichokizoea ni kuisema hesabu hiyo kwa sauti, hatua kwa hatua, mbele ya watu waliovaa tai. Hilo hujifunzwa. Wajizoeze wawili wawili, mmoja aulize na mwingine ajibu, jioni baada ya jioni, mpaka ulimi uzoee.

Nije kwenye wasifu. Kijana mmoja wa uhandisi aliniletea wake, kurasa sita. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na malengo ya maisha, uliofuata na semina alizohudhuria, kisha programu za kompyuta anazozijua. Mwisho kabisa, chini ya mengineyo, mstari mmoja: mweka hazina wa kikoba cha mtaa. Nikamwomba anieleze. Akanieleza walivyoanza na wanachama wachache wa mtaani kwao, hisa zilivyopangwa, mikopo ilivyokwama baada ya moto kuunguza vibanda sokoni, na alivyokaa na kila mdaiwa nyumbani kwake, akapanga naye upya marejesho, hadi mgawo wa mwisho wa mwaka ukatoka bila ugomvi. Alieleza kwa robo saa bila kutazama karatasi. Sauti yake ilibadilika; samahani ilikuwa imekwisha. Alikuwa amekusanya takwimu, ameendesha mazungumzo magumu, ametunga mpango na ameyaona matokeo yake. Sijui ni nini kingine ambacho mteja angetaka kumlipa. Tukaupandisha mstari ule hadi ukurasa wa kwanza ukawa aya nzima, semina tukazifuta zote, na wasifu ukabaki kurasa mbili.

Lakini nisiwadanganye vijana kwamba fani yao peke yake inatosha. Kuna mambo ya kazi ambayo lazima wajifunze, na wengine hawana subira nayo. Barua ya utambulisho hutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani na kwenye halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kila kituo kina kitabu cha wageni na kina mtu anayestahili kuelezwa umekuja kufanya nini. Anayeruka kituo kimoja kwa sababu ana haraka atakuta kijiji kimeambiwa kisimjibu. Ajifunze pia kuandika aya moja inayosema jambo moja. Ajifunze kunyamaza baada ya kuuliza. Asiahidi kisima.

Na wajue habari za fedha kabla ya kuacha ajira. Mshauri binafsi anahitaji namba ya mlipakodi. Mteja akikulipa ada, hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Dai cheti chake, utakihitaji kwenye hesabu za mwisho wa mwaka. Malipo huja kwa awamu: kiasi ripoti ya awali ikikubaliwa, kiasi baada ya rasimu, kilichobaki baada ya ripoti ya mwisho. Awamu ya mwisho hiyo inaweza kukaa miezi, kwa sababu mtu fulani aliyetakiwa kutoa maoni yuko safarini. Nimewaona vijana wenye akili nyingi wakiiacha kazi hii kwa sababu ya kodi ya nyumba tu. Namwambia mwalimu asiache kufundisha mpaka awe na kazi ya pili mkononi, na namwambia muuguzi leseni yake aihuishe kila inapofika wakati, hata kama ameacha wodi. Leseni hiyo ndiyo inayompa haki ya kusema anachokisema.

Linalonitia wasiwasi zaidi kuhusu rika hili halikuwepo enzi zetu. Ngazi ya kwanza ya kazi ilikuwa kusoma. Ulipewa rundo la ripoti za zamani uandike muhtasari, utengeneze majedwali, upange slaidi za mkubwa. Ilichosha, nayo ndiyo iliyotufundisha, maana kwa kusoma ripoti mia unaanza kuzitambua zile ambazo mwandishi wake hakutoka ofisini. Sasa akili mnemba huifanya kazi hiyo kwa dakika chache, na kampuni zinaona kwamba hazimhitaji tena kijana wa kukaa na lile rundo. Nimesoma rasimu za hivi karibuni ambazo lugha yake ni laini, sarufi haina kosa, na hakuna kijiji ndani yake. Zingeweza kuwa za Kilosa au za nchi nyingine kabisa. Nilipouliza nani alizungumza na kamati ya maji, kila mtu alimtazama mwenzake.

Kijana anayetegemea kuingia kwa kuandika vizuri peke yake atakuta nafasi hiyo imeshakaliwa. Anayeingia na uuguzi wake, au na miaka yake ya kusimama kwenye zege, au na Kiswahili cha wavuvi wa Mafia alichozaliwa nacho, ana kitu ambacho mashine haiwezi kukipata mpaka yeye akiandike kwanza. Wakati huu, kuliko wakati wowote niliouona, kazi hii inawahitaji waliotoka kwingine. Na vijana wenyewe wako tayari kuliko tulivyokuwa sisi. Sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na miongoni mwa makarani wake walikuwemo walimu na wahitimu wasio na ajira. Walibisha hodi, wakahesabu, wakatuma. Watu waliofanya kazi ile hawawezi kuambiwa hawana uzoefu wa kukusanya takwimu. Mimi nilipoanza nilikuwa na daftari na baiskeli ya serikali.

Kwa hiyo ombi langu nalipeleka kwa wanaoandika hadidu za rejea, serikalini na kwa wafadhili, na kwa wenzangu wenye kampuni. Kila timu iwe na angalau mshauri mmoja mchanga, mwenye chini ya miaka mitatu ya kazi, aliyetoka fani tofauti na ya kiongozi wake. Akiwemo timu ipate alama, asipokuwemo izikose. Kila aliyeandika sura atajwe kwa jina mwanzoni mwa ripoti, pamoja na sura aliyoiandika. Na siku ripoti inapopokelewa, mteja atoe barua ya kuthibitisha kazi kwa kila mmoja, maana barua hiyo ya ukurasa mmoja ndiyo itakayohesabiwa kuwa uzoefu kwenye zabuni ijayo.

Wenzangu husema mteja hatakubali. Wamwulize kwanza. Mimi nimewauliza wateja. Wengine walikataa, wengine walikubali kwenye kikao hichohicho bila hata kuagiza chai ya pili. Ripoti moja ya skimu ya umwagiliaji iko sasa kwenye kabati la ofisi ya kilimo ya wilaya ikiwa na majina tisa, na langu ni la saba kwa sababu tuliyapanga kialfabeti. Aliyetangulia juu ni binti wa jiografia ambaye hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Aliiambatisha ripoti hiyo kwenye maombi yake yaliyofuata, na jopo likamwuliza maswali ya sura yake kwa saa nzima.